Mke Akipigwa, Aende kwa Nani?



Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hawapendi lisemwe mbele ya watu, wala kanisani, wala barazani. Ni habari ya mtu kupigwa na kuonewa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mkono wa yule aliyeapa kumpenda. Twajua wako watakaosema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya chumbani, wewe tufundishe katekisimu." Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba jambo hili lisiposemwa halifi, bali hukua. Tena twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe, maana si haki mtu kuwaonya wenziwe juu ya shimo ambalo yeye mwenyewe alilifunika majani.

Yalitokea miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja cha pwani hii ya ziwa. Jina lake hatulitaji. Usiku ule ulikuwa wa giza, mwezi haujaandama, na wavuvi wote walikuwa majini kuvua usipa. Taa zao zilionekana mbali kama mji mkubwa. Tukasikia hodi. Tulipofungua, tukamwona mama mmoja, mtu wa ndoa ya kanisa, mtoto mgongoni, khanga imechanika, na jicho moja limevimba hata halifumbuki. Mumewe hakwenda ziwani usiku ule, alikuwa amekunywa. Yule mama akasema, "Mwalimu, nimekuja kwako kwa sababu ndiwe uliyetufundisha mafundisho ya ndoa."

Tukampa maji, na mke wetu akamtandikia mkeka. Kulipokucha tukamwita mume wake na wazee wawili. Mume akasema kwamba shetani alimpitia. Wazee wakasema ndoa haikosi mitihani. Nasi tukamwambia yule mama avumilie, asitoe nje siri ya nyumba. Tukasali Baba Yetu, tukawashikanisha mikono, kisha sisi wenyewe tukamchukulia furushi lake tukamrudisha kwake. Tukaandika katika kitabu cha kigango kwamba wamepatana, na moyoni tulijisifu kwa kazi njema.

Kabla mvua za masika hazijakwisha, yule mume alimvunja mkono kwa mpini wa jembe, na mimba aliyokuwa nayo ikaharibika. Tulikwenda kumtazama hospitalini. Hakutulaumu hata kidogo. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, siku ile nilikuja kwako kwa miguu yangu." Kisha akageuza uso akatazama ukuta.

Ndugu, neno hilo halijatutoka hata leo. Tangu saa ile tulianza kuuliza na kujifunza: huko nyuma tulikosa wapi, na mtu wa namna hii yampasa kusaidiwaje? Haya tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea.

Ugomvi na uonevu si kitu kimoja

Watu hunena kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ni kweli. Hakuna nyumba isiyo na maneno. Lakini yatupasa kutofautisha ugomvi na uonevu. Katika ugomvi kila mmoja aweza kusema neno lake, na kesho yake hakuna anayetetemeka. Katika uonevu mmoja ndiye anenaye na mwingine ndiye aogopaye. Basi alama ya kwanza ya kutafuta ni hofu, kabla ya jeraha. Mama anaposikia mlio wa miguu ya mumewe njiani, na watoto wakanyamaza ghafula, na yeye akaanza kutazama kama kila kitu kimo mahali pake, hapo pana jambo, hata kama mwilini hana alama yo yote.

Mvuvi wa Nyasa hangoji wimbi limpige ndipo ajue kwamba mwera umekuja. Hutazama rangi ya maji na mawingu ng'ambo ya pili, akageuza mtumbwi mapema. Nasi tujifunze kutazama hivyo hivyo. Uonevu una sura nyingi, nazo ni hizi.

Kwanza, uonevu wa mwili: kupigwa, kusukumwa, kuchomwa moto, kukabwa, kufungiwa ndani au kufukuzwa nje usiku.

Pili, uonevu wa ulimi: kutukanwa kila siku mbele ya watoto, kuitwa tasa au mchawi, kutishwa kwamba atauawa au atanyang'anywa watoto.

Tatu, uonevu wa mali. Mama huanika usipa mchangani jua kali, mume akauza na fedha zote akala yeye na rafiki zake. Huko milimani Mbinga mama hupalilia kahawa na kuichuma, lakini siku ya malipo haulizwi neno, tena akiomba fedha ya chumvi hupigwa.

Nne, kutengwa: mke hukatazwa kwenda kwa ndugu zake, kwenda jumuiya, hata kwenda Misa, ili asipate mtu wa kumweleza habari zake.

Tano, kulazimishwa kitandani bila hiari yake, au akiwa mgonjwa, au baada ya kupigwa.

Watoto nao huumia, hata wasipoguswa. Mtoto anayemwona mama yake akipigwa husinzia darasani, hukojoa kitandani akiwa mkubwa, hupiga wenziwe, au hukataa kurudi nyumbani jioni. Ninyi walimu wa shule mwaweza kuona mambo hayo kabla yetu sisi wote.

Tena ziko alama za hatari kubwa, ambazo mtu akiziona asingoje hata siku moja: mume kumkaba mkewe koo, hata mara moja tu, kumwonyesha panga au silaha, kumpiga akiwa na mimba, kuapa kwamba atamwua au atajiua, na mapigo kuzidi ukali mwezi baada ya mwezi. Wanaochunguza mambo haya katika nchi nyingi wameona kwamba aliyewahi kukabwa koo na mumewe yumo katika hatari kubwa ya kuuawa baadaye. Tena wameona kwamba saa ya hatari kupita zote ni ile mama anapotaka kuondoka. Kwa hiyo asiondoke kwa kelele na vitisho, bali kwa akili na kwa msaada wa watu.

Wala tusiseme kwamba haya ni mambo ya wapagani, au ya watu wa mijini. Katika uchunguzi wa serikali juu ya afya ya jamaa, uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake wenye umri wa miaka 15 hata 49 waliulizwa habari zao, na 40 katika kila 100 walisema wamekwisha kupigwa na mtu tangu walipotimiza miaka 15. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha 27 katika kila 100. Kupungua huko ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini wanaobaki ni wengi mno. Hesabuni akina mama walioketi kanisani Jumapili, nanyi mtaelewa.

Maneno tunayofunikia kosa

Katika uchunguzi ule wa kwanza lilionekana jambo la ajabu. Walipoulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga, wanaume 40 katika 100 walikubali, na wanawake wenyewe 58 katika 100 walikubali. Basi fimbo haikai mkononi mwa mume peke yake. Imekaa pia katika maneno yetu sote. Tuyatazame maneno hayo moja moja.

Wako wasemao, "Mke asiyepigwa hapendwi." Tuwaulize: je, ng'ombe apigwaye kila siku hupendwa kuliko mtoto? Na mbona mume huyo hataki kupendwa yeye kwa namna hiyo?

Wako wasemao, "Ni pombe tu, akilevuka ni mtu mwema." Lakini tumemwangalia mlevi njiani. Atoka kilabuni, ampita mwenyekiti wa kijiji asimpige. Ampita polisi asimpige. Awapita vijana wenye nguvu awaamkia vizuri. Afika nyumbani, ndipo mkono wake unapopata nguvu. Kumbe hajasahau nani wa kupigwa. Pombe humwondolea haya, lakini haimchagulii mtu wa kumpiga. Amchaguaye ni yeye mwenyewe.

Wako wasemao, "Nimetoa mahari." Mahari ni heshima kwa wazazi na ushuhuda wa maagano mbele ya koo mbili. Si bei ya kununulia ngozi ya mtu.

Wako wasemao, "Nyumba ni siri." Lakini wazee wetu wote hawakusema hivyo. Wamatengo wa milimani walikuwa na sengu: watu wa ukoo walikutana kwa mzee wao, wakala pamoja, na mambo yaliyoshinda nyumba moja yakaletwa hapo yakasemwa. Hatusemi kwamba katika sengu kila mwanamke alipata haki yake. Twasema tu kwamba hata kabla ya Injili kufika milimani, watu walijua kuwa nyumba yenye moto ndani haifungwi mlango.

Na neno la mwisho ni lile tulilolisema sisi walimu: "Vumilia, mama, ndoa ni msalaba." Neno hili latuuma kuliko yote, kwa kuwa tumelichukua neno takatifu tukamlinda nalo mwenye fimbo. Bwana wetu aliuchukua msalaba wake kwa hiari ili awaokoe watu. Mke anayevunjwa mkono haokoi mtu ye yote, na mumewe azidi kupotea katika dhambi kila siku tunapomnyamazia.

Kanisa lafundisha nini?

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso aliwaagiza waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, na kama miili yao wenyewe. Watu hupenda kusoma fungu la mke kumtii mumewe, wakafunga kitabu kabla hawajafika hapo.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo katika jamaa alioutoa mwaka 2016, alilaani kupigwa na kuonewa kwa wake, akaonya kwamba matendo hayo si nguvu ya mwanamume bali ni woga na unyonge.

Tena liko jambo ambalo Wakristo wengi hawalijui, hata walimu. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ndoa ya Kikristo haivunjiki, basi mke aliyeonewa ni sharti akae nyumba moja na anayemwumiza mpaka kufa. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yasema kwamba mmoja akimtia mwenziwe au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya roho, yule mwingine ana sababu ya haki ya kutengana naye, kwa amri ya Askofu. Na kama kungoja kuna hatari, aweza kuondoka kwa shauri lake mwenyewe. Hatari ikiisha, warudiane, isipokuwa mamlaka ya Kanisa imeamua vingine. Kifungo cha ndoa chabaki. Lakini kifungo cha ndoa si kamba ya kumfungia mtu apigwe. Basi mama aliyekimbia kuokoa roho yake na watoto wake hakutenda dhambi, wala asinyimwe Komunyo kwa sababu hiyo, wala asisengenywe katika jumuiya.

Serikali nayo yasema nini?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, fungu la 66, yanena wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake ili kumrudi. Mume akisema, "Nilimrudi mke wangu," hajitetei, amekiri kosa. Kumpiga mtu na kumwumiza ni jinai, awe mke au mgeni, na Kanuni ya Adhabu yampa aliyeumiza mwili wa mwenziwe kifungo kinachoweza kufika miaka 5, na zaidi kama madhara ni makubwa. Watoto nao wana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayowalinda.

Akina mama wengi huogopa kutoka kwa sababu huambiwa, "Hapa huna kitu chako, nyumba ni yangu, mtumbwi ni wangu, shamba ni langu." Hilo nalo si kweli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika na kulea na kutunza, huhesabiwa kuwa mchango wake katika mali waliyochuma pamoja. Mwenye kuanika usipa na kupalilia kahawa asidanganywe.

Njia ya msaada, hatua kwa hatua

Sasa tufike kwenye swali letu. Mke akipigwa, aende kwa nani?

Kwanza, kwa jirani mwema. Kabla ya siku mbaya kufika, achague nyumba moja au mbili ambazo aweza kugonga usiku. Awafundishe watoto wapi pa kukimbilia. Aweke kwa mtu amwaminiye furushi dogo: cheti cha ndoa, kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, nguo, na nauli kidogo. Sisi tulio majirani tukisikia kilio tusiseme, "Hayo ni yao." Twende wawili watatu, tugonge mlango, hata kwa kuomba chumvi. Mara nyingi mkono ulioinuliwa hushuka mgeni anapopiga hodi. Lakini kama ana silaha, tusiingie peke yetu. Tuite mgambo na viongozi.

Pili, kwa jumuiya. Jumuiya zetu ndogo ndogo ziliwekwa ili Wakristo wajuane kwa majina na shida zao. Akina mama wa WAWATA, chama kilichoanza mwaka 1972, wawe wa kwanza kumpokea mwenzao. Na ndugu zetu Waanglikana wa Liuli na vigango vyao wana umoja wao wa akina mama. Mwenye shida asiulizwe dhehebu lake kwanza.

Tatu, kwa mganga wa zahanati au hospitali. Tunazo zahanati na vituo vya afya katika pwani yetu, na Hospitali ya Mtakatifu Anna huko Liuli. Jeraha litibiwe na liandikwe, maana maandishi ya mganga ni shahidi asiyesahau. Aliyepigwa huchukua fomu ya polisi iitwayo PF3. Lakini mwenye jeraha kubwa asicheleweshwe njiani kwa ajili ya karatasi. Yeye apelekwe kutibiwa, na ndugu yake aende polisi. Aliyeingiliwa kwa nguvu afike kwa mganga upesi iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, apate dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI. Asioge kwanza, wala asifue nguo alizovaa.

Nne, kwa viongozi wa kijiji na polisi. Amwambie mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au wa kata. Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako wamewekwa askari waliofundishwa kusikiliza mambo haya faraghani. Aulize dawati hilo kituoni. Katika hatari ya ghafula simu ya polisi ni 112. Kwa habari za watoto wanaoonewa iko namba 116, isiyo na malipo.

Tano, kwa Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya. Zamani watu wa pwani hii walikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga, na iliwapasa kupanda mlima kutafuta ofisi. Tangu mwaka 2012 tunayo Wilaya ya Nyasa, na makao yake ni hapa hapa Mbamba Bay. Afisa wa ustawi hushughulikia matunzo ya watoto na mahali pa usalama. Tena kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia wasio na fedha ya wakili. Afisa wa ustawi au wa maendeleo ya jamii aweza kuonyesha waliko.

Liko pia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Lakini hapa wengi hukosea. Baraza hili ni njia ambayo sheria hudai ipitiwe kabla ya kuomba talaka mahakamani. Aliyepigwa hana haja ya kupita barazani ndipo aende polisi. Kosa la jinai halingoji usuluhishi.

Twajua pia kwamba mara nyingine mama hufika kwenye ofisi fulani akaambiwa, "Rudini mkayamalize nyumbani." Asikate tamaa. Aende na mtu wa pili, aende ngazi ya juu yake. Na huyo mtu wa pili ndiye sisi: mwalimu, mzee wa kanisa, jirani. Neno la mtu mmoja huweza kusukumwa kando. La wawili ni zito zaidi.

Wala tusisahau kwamba wako waume wanaopigwa na wake zao, na wazee wanaoteswa na watoto wao kwa kusingiziwa uchawi. Hao huona haya kusema kuliko wote. Njia hizi ni zao pia, na tusiwacheke.

Kwa walimu wenzetu

Tulikosa mengi usiku ule na asubuhi yake, nasi twayataja ili ninyi msikose.

Msimsikilize mke mbele ya mumewe. Sisi tuliwaweka mkeka mmoja, tukamwuliza mke aseme. Mtu asemaje kweli huku anayemwogopa anamtazama?

Msimwulize, "Ulimfanya nini?" Mwulizeni, "Umeumia wapi? Waogopa kurudi leo? Watoto wako wapi?"

Msitangaze mahali alipojificha, hata kwa nia njema. Msihubiri habari yake Jumapili.

Msifanye haraka ya kuwapatanisha. Mapatano ya kushikana mikono bila toba ni kama kupaka chokaa ukuta ulioliwa na mchwa. Toba ya kweli hujulikana kwa matendo: mume akiri kosa bila kumtaja shetani wala pombe, alipe gharama za matibabu, akubali hukumu ya wakubwa, aache ulevi, na angoje mke aseme mwenyewe kama yuko tayari. Asipokubali kungoja, hajatubu.

Na wachumba wanaojifunza ndoa, waulizeni kila mmoja peke yake, kabla ya matangazo ya kanisani, kama amekwisha kupigwa na mwenziwe au kumwogopa. Sisi sasa twafanya hivyo. Mara moja binti mmoja aliinamisha kichwa akalia, na arusi ile haikufungwa. Wazazi walitukasirikia mwaka mzima. Twaona heri hasira yao kuliko kumtazama binti yule hospitalini.

Kwenu waume

Ndugu zetu, sisi nasi tu waume, na twajua hasira ilivyo. Ziwa likikunyima samaki, nyavu zikikatika, deni likikubana, moyo huwaka. Basi toka nje, tembea mpaka mwaloni, keti na mwenzako umwambie. Nenda kwa Padri. Hakuna mwanamume aliyepungukiwa heshima kwa kusema, "Nisaidieni, nakaribia kupiga." Lakini aliyekwisha kupiga asitudanganye kwamba ni bwana wa nyumba. Bwana wa nyumba ni yule ambaye akiingia mlangoni, watoto humkimbilia. Yule ambaye watoto humkimbia, jina lake ni jingine.

Twamaliza na habari ya yule mama. Alipopona alikwenda kwa kaka yake, akiwa na ruhusa ya wakubwa wa Kanisa, na shauri lake lilifika mahakamani. Mkono wake haukunyoka sawasawa, lakini huanika usipa na kuuza, na watoto wake wasoma. Mwaka jana, baada ya Misa, alitungoja nje. Twakiri kwamba tuliogopa kumtazama. Akasema, "Mwalimu, ukifundisha tena mafundisho ya ndoa, waambie na habari yangu. Ila jina langu usilitaje."

Ndiyo sababu tumeandika. Basi ninyi nyote, kutoka Lituhi hata Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, na ninyi wa milimani, mkisikia hodi usiku, fungueni. Na mkisha kufungua, msimrudishe.

Mungu azilinde nyumba zenu.

Mwalimu wenu wa kigango,
Mbamba Bay